Jahazi Linaloenea Chini ya Kitanda

Kama unatamani kuunda chombo kidogo cha baharini kwa mbao, na unaishi Mchikichini, Dar es Salaam, au mtaa wowote wa jirani, nakuomba usianze na merikebu ya Kizungu. Najua ndiyo itakayokujia kwanza kwenye simu. Ukitafuta tu mifano ya meli za mbao unaletewa HMS Victory na mizinga yake, Cutty Sark na milingoti yake mitatu, na watu wazima wa Uingereza, Italia na Marekani wanaoonyeshana kazi walizokaa nazo kwa miaka. Kazi hizo ni nzuri na zina mengi ya kufundisha. Lakini seti zao huja zimeshakatwa kiwandani, na chombo chenyewe hujawahi kukigusa. Ukikwama katikati ya kazi huna pa kwenda kuangalia. Ngalawa, mashua na jahazi unazifikia kwa daladala moja au mbili, zimelala mchangani, na wenyewe wamekaa kivulini wanashona nyavu.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Vyombo vyetu havina ramani. Fundi wa Nungwi, wa Matondoni kule Lamu au wa Bagamoyo huunda kwa jicho. Vipimo anavyo kichwani, alivipata kwa baba au mjomba wake kwa kushika tezo. Wateja wakihamia boti za faiba na fundi akafariki, umbo la chombo chake linaondoka naye. Mtepe ndivyo ulivyotuponyoka. Kilikuwa chombo cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za usumba, kikaendeshwa kwa tanga la mkeka, na mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa kinatoweka. Tunachokijua leo kimetokana kwa sehemu kubwa na picha chache, maandishi ya watafiti kama James Hornell, na mifano midogo iliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Baadaye uliundwa mtepe wa ukubwa kamili ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo mtu anayepima mashua ya mvuvi kwa uaminifu, kisha akaiunda ndogo chumbani kwake, anafanya kazi ya maana, hata kama anaifanya kwa kujifurahisha tu baada ya kufunga duka.

Anza na ngalawa. Mwili wake huchongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe, kwa hiyo na wewe utachonga kipande kimoja tu cha mbao bila kuhangaika na mataruma, yaani mbavu za ndani, na mbao za ubavuni. Ina mlingoti mmoja, tanga moja, na matengo yake ya kulia na kushoto yanayoizuia isipinduke. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, ngalawa ya mita 6 inakuwa sentimita 30. Hesabu yake haichoshi: kila sentimita 20 za chombo halisi ni sentimita 1 mezani. Ubao wenye unene wa sentimita 4 unakuwa milimita 2, na mvuvi wa sentimita 170 angekuwa na urefu wa sentimita 8 na nusu. Kumbuka huyo mvuvi kila unapokata kitu. Ukiona kasia lako lingemshinda kulishika, umelifanya nene mno.

Sasa nenda kapime. Nenda Kunduchi, Msasani au ng'ambo ya Kigamboni, wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maana maji hupwa mbali na vyombo hubaki vimekaa juu ya mchanga mtupu. Kwa pwani ya Dar es Salaam, siku hizo maji hufika chini kabisa majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi, basi ukiondoka nyumbani saa mbili unapata nafasi ya kutosha. Usianze kwa kutoa simu na kupiga picha. Tafuta mwenye chombo au nahodha, mpe heshima yake: "Shikamoo mzee. Naomba kuipima ngalawa yako, nataka kuiunda ndogo ya mbao." Wengi watashangaa, kisha watakuonyesha wenyewe vitu ambavyo usingeviona. Vua viatu kabla ya kuingia chomboni, usiruke nyavu zilizoanikwa, na ukiondoka acha cha chai. Maeneo ya bandari na kivuko yana ulinzi, huko usipige picha bila ruhusa.

Beba futi ya kamba, uzi mrefu, vijiti viwili, daftari, penseli na maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa. Funga uzi uvutike kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, juu ya mstari wa katikati ya chombo, na uwe umeufunga fundo kila nusu mita. Kwenye kila fundo pima vitu viwili: kutoka uzi hadi ukingo wa kulia na wa kushoto, na kutoka uzi hadi sakafuni. Usipime upande mmoja ukadhani wa pili ni sawa. Gogo lina tabia yake, na ngalawa nyingi zina ubavu mmoja uliojaa kuliko mwenzake. Hiyo ni sura ya chombo, ichukue kama ilivyo. Kwa mviringo wa nje chukua waya mnene wa umeme wenye ganda, ukandamize ubavuni hadi ulale sawasawa, uutoe taratibu bila kuukunjua, uulaze juu ya katoni na kuuchora. Hapo unaondoka na umbo halisi la ubavu, na kazi ya kulipunguza utaifanya nyumbani kwa utulivu. Halafu piga picha za ubavuni ukiwa umesimama mbali, simu ikiwa usawa wa katikati ya chombo, na kijiti cha mita moja kimeegeshwa ubavuni. Ukisogea karibu mno omo itaonekana kubwa na tezi itakuwa imenywea, na picha hiyo itakupotosha mwezi mzima.

Angalia matengo kwa makini kuliko kitu kingine. Zile mbao mbili zinazogusa maji hazisimami wima, zimelala mshazari, na zimefungwa kwa kamba kwenye miti inayovuka chombo. Pima huo mshazari, hesabu mizunguko ya kamba, tazama fundo limeishia wapi. Mvuvi akija kuona kazi yako macho yake yatakwenda hapo kwanza.

Vifaa visikutishe. Mtu wa Mchikichini amezungukwa na karakana asiyoijua. Mbao nzuri kwa kuanzia ni paini laini, na mabaki ya kutosha utayapata kwa mafundi samani wa Keko, ambao vipande vya urefu wa kiganja ni taka kwao. Ukimzoea fundi mmoja atakupasulia kwenye mashine yake fito za milimita 2 kwa milimita 6, kazi ambayo kwa msumeno wa mkono ingekutesa. Kwa vitu vidogo vinavyotaka nguvu, kama mlingoti, kasia na usukani, tafuta tawi kavu la mpera au mlimau; nyuzi zake ni ndogo na zimeshikana, hazionekani kubwa kwenye chombo kidogo. Mkongo na mvule ni mbao za heshima, lakini mistari yake ni mipana, na kwenye kitu cha sentimita 30 hugeuka kelele. Mpingo waachie wachongaji wa Mwenge.

Tanga lako liko sokoni Mchikichini kwenye mitumba. Kwa asili vyombo vyetu vilivaa marekani, kitambaa kile kizito cha pamba kisichopaushwa, na bado utakipata kwenye maduka ya vitambaa ya Kariakoo. Ila kwa kipimo chetu ni kizito, kinasimama kama ubao. Tafuta shati la kiume la pamba tupu lililofuliwa hadi likalainika, au leso. Lisugue kwa vidole: likiteleza kama nailoni, acha. Uzi wa kamba nene uombe kwa mafundi viatu, ambao hapo hapo sokoni wamejaa. Uzi wao umepakwa nta na hautoi manyoya, na hilo ndilo tatizo kubwa la uzi wa cherehani, unaoonekana kama umeota ukungu ukipigwa picha kwa karibu. Kama una uzi wa kawaida tu, upitishe mara kadhaa kwenye kipande cha nta. Misumari itoke Gerezani: mafundi wa kusuka mota hutupa nyaya za shaba nyembamba kama unywele na nyingine nene kama sindano. Katakata hizo. Patasi mbili ndogo, tupa moja, msasa wa namba tatu tofauti, keekee ndogo ya mkono na gundi nyeupe ya mbao vinatosha kabisa. Vibanio vya nguo vya mbao ndivyo jiliwa zako.

Suala la nafasi nalitilia mkazo kwa sababu ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Nyumba zetu zina vyumba pande mbili na ukumbi katikati, kila chumba na familia yake, na uwani ni pa wote. Usipange kazi inayohitaji meza ya kudumu. Chukua ubao mpana wa sentimita 60 kwa 40, uzungushie ufito pembeni vitu visidondoke, na kazi yako yote iishi juu yake: chombo, gundi, vibanio, karatasi. Usiku unausukuma chini ya kitanda, asubuhi watoto wanakuta chumba ni chumba. Kukata na kupiga msasa fanya mchana, nje barazani, upepo ukichukua vumbi upande usio na nguo zilizoanikwa, na vaa barakoa, kwani vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na kifua. Usiku ubaki na kazi za kimya: kuchora, kufunga kamba, kushona tanga. Miezi ya masika gundi huchelewa kukauka na mbao hunywa unyevu. Usifunge ubao mpya uliotoka kwenye mvua, uache ndani kwa wiki kadhaa kwanza.

Katika kuchonga, mstari wa katikati ndio mama wa kazi yote. Uchore juu, chini, mbele na nyuma ya kipande cha mbao kabla ya kukata chochote, na kila ukiuondoa kwa patasi, uchore tena. Kata kwanza umbo la kuangalia ubavuni, kisha umbo la kuangalia kutoka juu, na ndipo uanze kuviringisha nje. Vile vipande vya katoni ulivyovichora kwa waya, ukivipunguza, vinakuwa kalibu zako: vibandike ubavuni kwa nje, tazama mwanga unapita wapi, punguza mahali ambapo mbao inagusa. Nje ikikamilika ndipo utoboe ndani. Funga kipande cha tepu kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina, toboa matundu mengi yasiyopita hapo, halafu ondoa mbao kati ya matundu. Usikimbilie wembamba. Ukifikia unene wa milimita 4, endelea kwa msasa tu, na mara kwa mara shika ubavu kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole hugundua pembamba kabla ya macho.

Jahazi au mashua ni darasa la pili, na hapo kazi inabadilika kabisa. Unalaza mkuku, ule uti wa chini wa chombo, unasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, na lazima vitatu hivyo viwe kwenye mstari mmoja kabla gundi haijakauka. Mafundi wengi wa pwani hupandisha kwanza mbao za chini, kisha huingiza mataruma yakafuata umbo lililopatikana. Mataruma yenyewe huyatafuta kwenye matawi yaliyopinda kwa asili, kwa kuwa mti uliojipinda wenyewe ni imara kuliko uliokatwa kwa msumeno. Fanya vivyo hivyo. Tengeneza kalibu za muda kwa katoni ngumu au plaiwudi, zisimamishe juu ya mkuku, zungushia mbao zako, na baadaye zitoe uweke mataruma ya matawi madogo ya mpera, yale yale watoto wanayotafuta kwa ajili ya manati. Kazi hii ni ya polepole na ina utamu ambao sijaupata kwingine.

Fito za ubavuni ziloweke kwenye maji ya moto kwa nusu saa, kisha zipindishe juu ya kopo lenye maji yanayochemka huku ukivuta kidogo kidogo. Ufito ukikataa, uache unywe maji zaidi. Ukilazimisha utavunjika mahali pabaya kuliko pote, karibu na omo. Bandika mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi ikikauka itavuta chombo kizima na mkuku utapinda, na hakuna dawa yake. Kila kipande unachokata kipe namba kwa penseli upande wa ndani. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikapitia bandari hii hii ya Dar es Salaam na kusafiri kwenda Kigoma kuungwa upya kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Kazi ya namna hiyo haiwezekani vipande visipokuwa na namba, na kwenye ubao wako wa chini ya kitanda, ambako mtoto anaweza kupitisha mkono, namba zitakuokoa vilevile.

Tanga lishone kabla ya kulikata umbo la mwisho. Tanga halisi ni mapande marefu ya kitambaa yaliyounganishwa, na mistari ya mishono ndiyo inayolipa uhai; pima upana wa pande moja pwani, ligawe kwa ishirini, na ushone mistari hiyo kwa mkono au kwa mshono mdogo kabisa wa cherehani. Kona ya mbele iangalie vizuri siku ya kupima: kwenye vyombo vingine imechongoka, kwenye vingine imekatwa na kuacha upande mfupi. Usikisie. Baada ya kushona, lichovye kwenye chai ya rangi isiyo na sukari, lianike kivulini. Foromali, mti unaobeba tanga, usilifanye mti mmoja ulionyooka, maana mara nyingi ni miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja kwa kamba, nene katikati na nyembamba nchani, na inapinda kidogo tanga likijaa. Kabla ya kulifunga, lowesha tanga kwa maji yenye tone la gundi, liegemeze juu ya mpira wa watoto hadi likauke, na litabaki limebeba upepo wa kusi siku zote. Halafu fuata kamba moja moja, henza ya kupandishia tanga inapanda wapi, demani ya kulizuia inafungwa wapi, na usiongeze kamba ya urembo. Chombo cha kazi hakina kamba isiyo na kazi.

Rangi iwe na kiasi. Vanishi inayong'aa huua chombo kizuri kwa dakika tano. Chini ya maji, jahazi hupakwa mchanganyiko wa shahamu na chokaa, weupe uliofifia wenye madoa. Rangi nyeupe ya maji iliyotiwa kijivu kidogo na kusuguliwa kwa kitambaa itakupa sura hiyo. Juu yake paka mafuta ya mbao tu, yafute, yaache yakauke. Kama umepima jahazi la Lamu, usisahau yale macho mawili ya duara omoni.

Utahitaji wenzako. Watu wa kazi hii ni wachache na wametawanyika, kwa hiyo kundi la simu linasaidia, ilimradi uulize kwa namna inayojibika. "Jamani, jahazi linaundwaje?" haina jibu. Tuma picha iliyopigwa kwa mwanga wa mchana, rula ikiwa kando ya kazi, na swali moja: ubao wa tatu kutoka mkukuni unaachia hapa omoni, niupunguze upana au niuloweke tena? Hapo mtu wa Tanga atakujibu, na wa Mombasa atamsahihisha. Watafute pia wazee wetu walioko Oman. Kule Sur kuna chombo cha aina ya ghanja kiitwacho Fatah al-Khair, kilichoundwa mwaka 1951 na sasa kimehifadhiwa nchi kavu, na jamaa mwenye simu anaweza kukizunguka na kukutumia pembe ambazo picha za watalii hazionyeshi. Wazee hao ndio pia wenye majina ya sehemu ambazo vijana wa sasa wanaziita "ile mbao ya pale". Yaandike yote, pamoja na mahali jina lilipotoka, kwa kuwa Lamu, Unguja na Kilwa hawaiti kitu kimoja kwa jina moja.

Kazi ikiisha, iweke mbali na jua la dirishani, ndani ya kisanduku cha kioo kama unaweza. Fundi wa vioo atakikata, na kona utaziba mwenyewe kwa silikoni. Chini ya kitako bandika karatasi yenye aina ya chombo, ufuo ulikopimia, tarehe ya kupima, kipimo ulichotumia, aina za mbao, na jina la fundi aliyeunda chombo kikubwa endapo ameridhia liandikwe. Daftari la vipimo usilitupe na usiliazime. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa, hifadhi nakala kwenye simu nyingine, na nakala moja iliyochapwa mpelekee mwenye chombo, bamvua ijayo, pamoja na picha ya kijahazi chako. Muombe akague matengo au mataruma mbele yako, na uende na penseli.